Mkate wa Ndizi Ulioanikwa Kama Michembe

Segese,
Jumanne, 19 Novemba

Dada yangu mpenzi Zipora,

Shikamoo dada. Naamini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kile kikohozi cha mdogo wao sasa kinakuacha upate usingizi. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mengine yasome polepole, tena ukiwa peke yako, maana ukisoma mbele ya shemeji utacheka sana mwanzoni, kisha utashindwa kumweleza mwisho.

Utajiuliza kwa nini nahangaika na karatasi wakati simu ninayo. Dada, nyumba yetu ina vyumba viwili na ukuta wa katikati haufiki kwenye bati. Nikikupigia nikiwa chumbani, mama mkwe wangu aliye sebuleni hunijibu kabla yako. Ndiyo maana nimempa kondakta bahasha hii na kumwapisha aikabidhi mkononi mwako hapo Tinde, asimwachie mtu wa genge.

Nianze na lililo tamu. Ndoa ni tamu, dada! Hii ni wiki ya tisa, na bado Luka akirudi kutoka karakana hunitafuta nyumba nzima kabla hajavua viatu, kana kwamba nyumba hii ina mahali pa kujificha. Ananuka chuma kilichoungua, na mimi nimekwisha kuipenda harufu hiyo kuliko manukato yoyote ya dukani kwa Nadeem. Saa nne asubuhi hunipigia kuniuliza kama nimekunywa chai. Donatus, yule mpambe wake wa harusi ambaye wanafanya kazi pamoja, huwatangazia wateja kwamba fundi wao amechomelewa na mkewe na hata ukileta msumeno hawatoki. Mimi nikisikia hivyo hufurahi siku nzima.

Na mkate ulianzia kwenye furaha hiyohiyo. Siku ya tatu baada ya harusi Luka alinipeleka Shinyanga mjini, tukanywa chai kwenye mgahawa mdogo wa mama mmoja wa Kihindi anayeitwa Madhuben. Alituletea mkate wa ndizi wenye korosho ndani, mweusimweusi, laini, wenye unyevu, ukiubonyeza unarudi taratibu kama shavu la mtoto. Luka alifumba macho. Akasema akipata mkate huu nyumbani kwake hatatamani kitu kingine duniani, kisha akafumbua macho akanitazama mimi. Dada, ungekuwa wewe ungefanyaje? Nilikwenda jikoni kwa Madhuben nikamwomba anifundishe. Alicheka, akasema maharusi wote wana njaa ya ajabu, lakini aliniandikia. Ndizi ziive mpaka maganda yawe meusi. Uzione kama zimeharibika, hapo ndipo ziko tayari. Uziponde kwa uma, utie mafuta na maziwa mgando, usikoroge sana. Karanga au korosho ziingie mwisho. Mkate ukiiva uufunge kwa kitambaa mpaka kesho yake, ndipo unyevu utembee wote.

Maneno machache hivyo! Laiti ungejua yalivyonitesa. Sina tanuri, nina jiko la mkaa. Nilitia mchanga kwenye sufuria kubwa, nikaweka kopo la mkate katikati, nikafunika bati na kupanga makaa juu yake. Nikishasawazisha moto wa juu, wa chini unazimika. Nikipepea wa chini, mkate unaungua kitako huku katikati ni uji. Mkate wa kwanza tulimpa mbuzi wa jirani, naye akaunusa akaenda zake. Luka, mpenzi wangu, alikula pembe moja, akasema kuna ladha ya moshi ambayo si mbaya.

Nilikuwa karibu kuupatia, ndipo mama mkwe akaja.

Usinielewe vibaya. Mama Mageni ni mama mwema. Alitoka kijijini kwao upande wa Songwa kuja kuona mwanawe amefikia wapi, akashuka kwenye gari na kuku wawili pamoja na gunia la michembe, viazi vya shamba lake mwenyewe. Alivimenya, akavikata na kuvianika mwezi mzima wa Julai, na mgongo wake wenyewe unauma. Alinikabidhi gunia hilo kwa mikono miwili, akasema nyumba yenye michembe haimjui njaa jina lake. Nilipiga magoti nikapokea. Wabeja mayu, asante mama, nilimwambia kwa Kisukuma chao, na nilikuwa namaanisha.

Lakini dada, niache nilalamike kidogo, nisipolalamika kwako nitapasuka. Ndizi zile za Bukoba ulizonitumia kwenye basi, nilizilaza kabatini siku sita ziive mpaka ziwe nyeusi. Siku ya saba nikazikuta kwenye shimo la taka. Mama alisema amenisaidia kutupa uozo kabla mume wangu hajauona, kwani mwanamume akiona uozo kabatini husema. Nilianza upya. Nikawa nikibandika mkate anafunua kuutazama. Nilimweleza ukifunuliwa unadidimia. Akanijibu kwamba amepika tangu nikiwa sijazaliwa, na hajaona chakula kinachoogopa kutazamwa na mwenye nyumba. Jirani yetu Agnetha naye akifika hufunua, eti harufu imemwita. Mkate ule ulifunuliwa mara tano. Ulitoka umebonyea katikati kama kiti alichokalia mtu mnene.

Na ulipokuja kutoka mzuri, mzuri kabisa, wenye unyevu uleule wa kwa Madhuben, mama aliubonyeza kwa kidole, akakitazama kidole, akasema haujaiva. Nilimwonyesha kijiti nilichochomea kimetoka kikavu. Akasema kijiti hakili, watu ndio wanaokula, na mkwe wake hataumiza tumbo la mwanawe akiwa yeye yupo. Akaurudisha motoni. Luka aliporudi alikuta nimekaa nje nimenuna. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mwanamume huyo akicheka na mimi hucheka, ndilo tatizo langu, lakini siku ile sikucheka hata kidogo.

Sasa sikia la jumuiya. Zamu yetu ya kupokea sala ilifika, Jumamosi ya tarehe tisa. Ilikuwa mara ya kwanza wanajumuiya kuingia nyumbani kwetu kama mume na mke, na nilitaka wakitoka waseme nyumba ya Luka ina mwenyewe. Alhamisi na Ijumaa nilioka mikate minne. Mama alikuwa amekwenda kliniki ya macho, kwa hiyo hakuna aliyefunua. Dada, ilitoka minne yote kama pacha! Nilitia karanga za Shinyanga zilizokaangwa vizuri. Niliifunga kwa vitambaa vyeupe nikailaza kwenye beseni, na usiku nikamnusisha Luka kupitia kitambaa bila kumpa. Jumamosi asubuhi nikaenda sokoni kutafuta sukari na majani ya chai.

Niliporudi, vitambaa vyangu vilikuwa kwenye kamba, vimefuliwa. Mikate ilikuwa juu ya mabati uani. Mama alikuwa ameikata vipande vyembamba, sawasawa, vya unene mmoja, akaipanga mistari kwa mistari kwenye jua kali, na amekaa pembeni na fimbo akifukuza kuku. Aliniona akatabasamu. Akasema alipofungua vitambaa alikuta mkate unatoa jasho, na kitu kinachotoa jasho kesho kinaota ukungu, kwa hiyo amewahi. Alisema amegeuza mara mbili tayari. Aliianika kama michembe, dada. Mkate wangu!

Sikupata hata nafasi ya kulia, wageni walikuwa wanapiga hodi. Baada ya rozari ilibidi nipakue vipande vile vilivyokauka kama mbao. Mama Vumilia, mwenyekiti wetu, aliuma, tukasikia mlio sebule nzima. Nilitamani ardhi inimeze. Akatafuna. Akachovya kwenye chai, akatafuna tena. Kisha akauliza huu ni mkate gani wa ajabu, na wote wakaanza kuchovya, na sahani ikaisha. Waliuliza nani fundi. Mama akasema ni mambo madogo tu ya kijijini. Mama Vumilia aliomba vipande vya kumpelekea mwanawe bwenini kwa kuwa haviozi, na walipoaga walimshika mama mkono wa pongezi mmoja mmoja. Agnetha alinipiga bega, akaniambia nina bahati, bibi harusi wengine hawana wa kuwafundisha kupika.

Siku mbili nzima usiku na mchana za kupepea moto, dada. Na Luka, Luka wangu, alichovya vipande saba akasema mama yake ni moto wa kuotea mbali!

Kesho yake Jumapili baada ya misa, mama alitoa gunia lake la michembe na kuimwaga yote kwenye mabati yaleyale, kwa kuwa alikuta fukusi wameanza kuingia. Halafu yeye na Luka wakaenda kumsalimia ndugu yao ng'ambo ya barabara kuu. Aliniomba nitazame mawingu. Mvua ilipokuja ilinikuta nimelala. Walirudi mbio wamelowa, mama akiwa mbele, wakakuta michembe inaelea. Mimi nikatoka mlangoni nikipiga miayo, nikasema jamani, nilipitiwa na usingizi.

Mama alisimama palepale kwenye maji. Akaniuliza kama kweli nimelala, mvua ile, juu ya bati. Nikasema ndiyo, usingizi mzito, hata sijui umetoka wapi. Basi akaiacha michembe yake kwenye tope, akaja akaninyanyua kidevu kwa vidole vyenye matope, akanitazama ndani ya macho, kisha akapiga kigelegele. Alisema hakuna binadamu anayelala mvua ya bati isipokuwa maiti na mwanamke mwenye mimba, na mimi si maiti.

Tangu siku ile nikawa malkia, dada, na ninachoka kuwa malkia. Nikiinua ndoo ananinyang'anya. Nikisogelea jiko ananifukuza, eti joto la mkaa litamchemsha mtoto. Kuoka kukaisha. Mayai akanikataza, asije mtoto akatoka na kichwa kama yai. Alikwenda sokoni akaninunulia udongo wa kula, mabonge sita, akakaa mbele yangu mpaka nikatafuna, nami sijawahi kuutamani maishani. Luka alipiga magoti akaongea na tumbo langu akilipa habari za karakana. Alimwambia Donatus, Donatus akawaambia mafundi wote, na wachimbaji wanaoleta pampu zao kutengenezwa wakawa wananiamkia barabarani Mama Mtarajiwa. Naye mama kila asubuhi alikuwa akichambua michembe yake kipande kwa kipande, iliyoota ukungu kulia na iliyopona kushoto, huku akiimba. Nilipomwambia pole aliniambia michembe si kitu, viazi vitalimwa, mjukuu halimwi.

Dada Zipora, sasa nakuomba usimame kidogo hapa, uvute pumzi. Sikuwa nimelala.

Nilikuwa nimekaa dirishani na kikombe cha chai. Niliona wingu likija kutoka upande wa Geita tangu likiwa mbali. Nilisikia tone la kwanza kwenye bati. Agnetha alipiga kelele kutoka uani kwake, Mariana, mvua, anua! Akadhani nimesikia, akakimbilia nguo zake. Nilikuwa nimesikia. Wewe unajua tulivyolelewa. Mvua ikija hata kwa jirani ambaye hamsemeshani naye, unakimbia, unaanua, ndipo mnaendelea na ugomvi wenu. Mimi nilikaa. Nilijiambia hata mkate wangu ulikuwa na unyevu, acha na michembe yake ionje unyevu. Nilitazama maji yakiibeba kidogo kidogo kutoka kwenye mabati. Na dada, nisikudanganye, mwanzoni nilisikia raha.

Uongo wa usingizi ulinitoka tu mdomoni kwa hofu. Wa mimba sikuusema mimi, lakini sikuukanusha, kwa sababu nilipofungua kinywa nikanushe nilimwona Luka usoni. Sijawahi kumwona hivyo, hata kanisani siku ile. Nikajidanganya kwamba labda kweli ipo, labda Mungu atanisitiri. Alhamisi asubuhi nikaona siku zangu.

Ijumaa sikuvumilia. Mama alikuwa kwenye mkeka anabangua karanga, nikapiga magoti mbele yake kama nilivyopiga siku ya kupokea gunia, nikamwambia yote, kuanzia mimba ambayo haipo nikirudi nyuma mpaka dirishani. Aliendelea kubangua. Nilisikia maganda tu. Baadaye sana akaniuliza kama niliitazama yote ikilowa au niliondoka katikati. Nikasema niliitazama yote. Akasema mkate wako niliuanika nikidhani nauokoa, michembe yangu uliiacha ukijua. Hakupandisha sauti. Afadhali angenipiga kofi. Kisha akasema Luka nimwambie mimi, leo, kabla hajala, na kwamba yeye hatatia neno.

Tungali pale mkekani tukasikia honi ya guta la mizigo getini. Alikuwa Luka. Amewahi kurudi, na nyuma kwenye guta kuna kitanda cha mtoto. Alikichomelea mwenyewe siku nne mfululizo baada ya kazi, kwa vyuma vilivyobaki, vyema, vimesuguliwa visiwe na ncha hata moja. Donatus alikuwa amekipaka rangi ya bluu ya anga. Luka alikuwa anacheka na mwenye guta anacheka. Nilimwambia pale pale, amesimama na mkono mmoja juu ya kitanda. Mwenye guta akajifanya anatazama tairi.

Luka aliniuliza swali moja, kama kuna kingine. Nikasema hakuna. Akakaa kwenye ukingo wa guta. Akasema mimba kukosekana si kosa langu wala lake, itakuja ikipenda. Lakini mtu anayeweza kukaa na chai akitazama chakula cha mzee kikinyeshewa, huyo yeye hajamjua bado, na alidhani anamjua. Hilo limenichoma, dada, limenichoma na linaendelea. Nilitaka nimshike mkono, nao ulikuwa umeshika chuma.

Mama ndiye aliyetuondoa pale. Alisema kitanda kishushwe, mwenye guta ana kazi nyingine. Wakakishusha. Luka alitaka kukirudisha karakana wakikate vyuma vitumike kwa kazi nyingine, akasema hataki kukiona. Mama akamwambia chuma kizuri hakikatwi kwa hasira. Akakizunguka, akakitikisa miguu, akakigonga kwa kidole kama alivyoubonyeza mkate wangu, halafu akaniagiza nimletee ule wavu wa banda la kuku uliobaki. Aliutandaza juu ya kitanda kutoka pembe hadi pembe, akaufunga kwa waya, akabeba ungo wa michembe iliyopona akaimwaga pale. Akasema ni kichanja kizuri kuliko mabati, kiko juu, kuku hawafiki, na jua linapita juu na chini.

Leo ni siku ya tano. Luka ananisemesha, anakula ninachopika, ila saa nne simu haiiti. Simlaumu. Jana aliniomba nimshikie taa ya simu akitengeneza bawaba, nikaishika kwa mikono miwili, na alipomaliza alisema asante Mariana. Mariana, dada, si asali kama alivyonizoesha. Nitangoja.

Mama alikuwa arudi Songwa Jumamosi lakini ameahirisha. Hajaniambia amenisamehe. Ameniambia tu kwamba wingu likianza mimi ndiye wa kuanua, yeye mgongo unamuuma. Kwa hiyo nakuandikia nikiwa uani, karibu na kitanda, jicho moja kwenye karatasi na jingine upande wa Geita. Asubuhi Agnetha alichungulia akauliza kitanda cha mtoto kinafanya nini na viazi. Mama akamjibu, bila kuacha kugeuza michembe, kwamba kinasubiri, na kitu kinachosubiri kisikae bure, mwenyewe akija tutampisha.

Tafadhali mama yetu asijue, mpaka nimweleze mwenyewe nikija. Msalimie shemeji sana, wabusu watoto wote, na mwambie mdogo wao mama yake mdogo wa Segese anamkumbuka. Niombee, si kwa ajili ya mimba, niombee yule mtu wa dirishani asirudi. Naishia hapa, nasikia upepo umegeuka na lazima niinuke.

Mdogo wako akupendaye,

Mariana